Shemeji Injinia alihamisha nyimbo za kwaya yetu kwa dakika nne, tukabaki na majina

Wakuu, salamu kwa wote humu.

Mimi ni mtu wa Baraka, Fizi. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi. Mashahidi ni wanakwaya wenzangu, na baadhi yao bado wananisalimia kwa kidevu tu.

Kazi yangu kanisani ni kurekodi kwaya. Nimerekodi tangu sijaoa, na kila kitu kilikuwa kwenye kompyuta yangu ya mezani, ile nzito ya zamani.

Humo ndani kulikuwa na sauti ya Mama Elisa, aliyekuwa anatuanzishia nyimbo. Alifariki mwaka juzi. Binti yake Elisa alikuwa anaolewa Jumamosi, na aliniomba kitu kimoja tu: akiingia kanisani, apigiwe sauti ya mama yake.

Nikaahidi. Mbele ya watu.

Sasa ile kompyuta ikaanza kuzima yenyewe. Nikapata laptop, mtumba lakini nzima. Ilibaki kuhamisha nyimbo. Ningeweza kufanya mwenyewe, polepole.

Lakini mke wangu ana kaka.

Huyu bwana alikaa Uvira miezi sita, akarudi na badge shingoni. Haina jina la kampuni. Ina picha yake na neno INGÉNIEUR. Basi.

Akaja nyumbani, akaniamuru nizime redio eti inaleta interférence.

"Shemeki, we kaa tu pale. Hii kazi mi nafanyaka nikiwa nakula."

Na kweli alikuwa anakula. Karanga zangu.

Dakika nne, wakuu. Nyimbo za miaka yote hiyo zikaingia kwenye flash, zikatoka, zikakaa kwenye laptop. Simu yangu ikipokea picha moja inachukua muda zaidi ya huo!

"Zote?" nikauliza.

"Zote. Angalia majina."

Nikaangalia. Majina yote yapo, mstari kwa mstari. Nikajiambia, kumbe hii ndiyo shule.

Akaomba ile ya zamani nimpe cadeau, zawadi ya bure. Kabla ya kuibeba akasema anaisafisha. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika afute kila kitu.

Nikajibu "Oui." Kwa Kifaransa kabisa.

Alhamisi kamati ya kwaya ikaja kwangu kuchagua wimbo. Nikabonyeza wa kwanza. Laptop ikasema faili halipatikani. Wa pili, halipatikani. Wa kumi, hivyo hivyo.

Kwa wasiojua: zile nilizokuwa nimeweka usoni mwa kompyuta ya zamani zilikuwa raccourcis, vile vialama vyenye mshale mdogo. Vinakuonyesha tu wimbo unakaa wapi. Nyimbo zenyewe zilikuwa ndani kabisa ya disque. Injinia alihamisha mishale, akachoma nyumba.

Mama Sifa, rais wa kwaya, akavua miwani. "Papa, miimbo yetu iko wapi?"

Elisa hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hata moja ya mama haiko?"

Sikuweza kumwangalia.

Nikampigia shemeji, aliyekuwa ameshahamia Mboko.

"Iyo ni virus," akasema.

"Virus gani?"

"Ya laptop yako. Mi nilitoa vizuri."

Ijumaa asubuhi nikapanda moto, pikipiki yangu, mpaka Mboko. Nikamkuta nje ya nyumba yake, majirani wamejaa wanatazama filamu kwenye kompyuta YANGU. Nilipotaka kuchomoa waya akanizuia. "Ngoja kidogo shemeki, banafika ku bagarre." Yaani filamu imefika kwenye ngumi.

Sikungoja. Nikaichukua, naye nikambeba nyuma ya moto, maana nilitaka awepo.

Tukarudi hadi Lusenda, kwa mwalimu mmoja Mrundi anayeitwa Nestor. Ni mkimbizi, anafundisha, na akitoka darasani anatengeneza simu chini ya hema. Hana badge. Alisikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza swali moja.

"Kisha kufuta, muliweka kitu kingine?"

"Filamu kidogo," Injinia akajibu.

Mwalimu akaiwasha, akahesabu filamu. "Hii haiko kidogo. Kila filamu imekalia wimbo."

Alifanya kazi mpaka jua likaanza kushuka. Alitoa alichoweza, karibu nusu, lakini bila majina. Namba tupu. Akanipa flash na kusema, "Mulikuwa na majina bila miimbo. Sasa muko na miimbo bila majina."

Jumamosi asubuhi, bibi harusi ambaye alipaswa kuwa anasukwa nywele alikaa sebuleni kwangu na Mama Sifa, tunasikiliza faili moja moja. Nyingine zinakwaruza. Nyingine ni mahubiri.

Kisha ikaja moja inayoanza na mtu anakohoa kidogo, anasema, "Bamama, tupande."

Elisa akashika mkono wa Mama Sifa. Hakuna aliyehitaji jina.

Tatizo: ilikatika katikati ya ubeti wa pili. Hatukuwa na nyingine yenye sauti yake.

Kanisani tukaipiga hivyo hivyo. Elisa akaingia, sauti ya mama yake ikajaa ukumbi, halafu pap, kimya. Akasimama katikati ya njia. Nilitamani benchi linimeze.

Ila ilikatika pale kwaya inapojibu. Na wale bamama wa alto wakajibu, kama walivyomjibu miaka yote. Hawakuambiana. Wakaendelea mpaka mwisho, Elisa akatembea.

Mimi nililia, sifichi.

Funzo: usifute ya zamani mpaka umezima ya zamani, ukafungua wimbo kwenye mpya, UKAUSIKIA. Majina si nyimbo. Na mtu akimaliza kazi ya wiki kwa dakika nne, mwulize kafanya nini.

Injinia alikuja harusini, akapiga picha kando ya laptop yangu. Jumatatu nikaiona kwenye status yake: "Récupération de données. Travail garanti." Yaani anaokoa data zilizopotea, kazi ya uhakika.

Watu watatu wa Kazimia wameshaniomba namba yake, maana wamesikia ndiye aliyeokoa nyimbo. Nikisema ukweli, mke wangu yupo hapa ananiangalia.

Wakuu, niwape au nisiwape?