Matangazo ya Chumba Kimoja

Kazi ya Kufuli ilikuwa kutafuta makosa. Tovuti ikishamalizwa pale ofisini kwao, wenzake wakishapongezana na kunywa soda, wanamletea yeye. Naye anaifungua katika kila kivinjari anachokijua, yaani zile programu ambazo watu hufungulia mtandao, aone wapi kitufe kimekimbia na wapi picha imelala chali. Akipata kosa alifurahi kama aliyeokota. Na hakukosa kupata, maana haamini kitu yule. Ukimwambia jua limechomoza, anachungulia dirishani kwanza. Jina la Kufuli alipewa na hao wenzake, wala hakulikataa. Alisema afadhali kufuli kuliko mlango wazi.

Haya, kazini sawa, anakula mshahara kwa hilo. Ubaya ni kwamba kazi aliibeba mpaka nyumbani.

Mtu huyu alipenda mambo mengi, tena mambo yasiyojuana. Alipenda habari za vivinjari vya kale vilivyokwisha kufa, kipi kilimeza kipi. Alipenda kutazama herufi, kwa nini hii ina mkia na ile haina. Alipenda nyimbo za kubembelezea watoto za watu wa mbali, ambao hata salamu yao haijui. Na kuliko vyote alipenda mikeka: namna ukili, ule utepe wa majani ya mkindu, unavyosukwa, rangi zinavyopikwa, kidole kipi kinatangulia. Mtu mwingine angekaa na mkewe akamsimulia, wakacheka, siku zikaenda. Kufuli, thubutu. Kila jambo alilipa kivinjari chake: cha mikeka hakijui nyimbo, cha nyimbo hakijui herufi. Alisema wenye matangazo huko mtandaoni wanakufuata nyumanyuma, wanaokota kila unachogusa, mwisho wanakujua kuliko mama aliyekuzaa. Kwa hiyo asiwepo yeyote anayemjua yeye mzima.

Na hapo kwenye yeyote ndipo alipomtia na mkewe. Mkewe akipita nyuma ya kiti na kikombe cha chai, Kufuli anafunga kila kitu, inabaki picha ya mlima. Alikuwa anatazama mkeka, jamani. Mkeka! Lakini anafunga kama mwizi aliyesikia mbwa.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona nguo. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na pembeni yake kompyuta kongwe ya mezani ya watu wote, ambayo yeye alitazamia mishono mipya. Watoto wao, mabinti mapacha, walikuwa shule ya bweni, na wao wenyewe wakaitana Baba Mapacha na Mama Mapacha hata mapacha wasipokuwepo.

Siku moja Kufuli aliiacha kompyuta yake ndogo ijisasishe, akakaa kwenye ile kongwe kusoma habari. Pembeni ya habari kukawa na tangazo: chumba kimoja cha kupanga, choo ndani, kinamfaa mtu anayeishi peke yake. Akashuka chini. Masanduku makubwa ya magurudumu, bei poa. Akafungua ukurasa mwingine. Gari la kuhamisha vyombo, tunafunga na kupakia.

Wewe na mimi tungepita tu. Kufuli alijua tangazo haliji bure, humjia aliyekwisha bisha hodi. Kwenye hii kompyuta kuna mtu ametafuta chumba, tena si mara moja. Mapacha hawapo. Yeye hajatafuta. Akafungua kumbukumbu ya kurasa zilizotembelewa, akakuta hakuna hata moja inayohusu chumba. Hilo ndilo lililomkata maini kabisa. Mtu asiye na la kuficha anafutia nini?

Tangu hapo akawa anakula na kuchungulia. Alipenda mke yule, tusimsingizie, na wazo la kurudi jioni akute sebule haina cherehani lilimnyima usingizi. Lakini badala ya kusema, alitega masikio. Akaona wateja wanachukua nguo zao na hakuna kitambaa kipya kinachoingia. Akaona mkewe akizungumza na mama yake kwa simu, anatoka nje kwenye ngazi. Kufuli akajibanza nyuma ya pazia la jikoni, mtu mzima na ndevu zake.

"Ndiyo, mama," alimsikia akisema. "Nitakuja nayo. Hapana, bado hajaambiwa."

Kazini alikaa jirani na mama mmoja mchoraji wa kurasa, mwenye umri wa dada yake mkubwa, na huyo ndiye pekee aliyethubutu kumdadisi, naye alipoambiwa akamshauri amuulize mkewe.

"Nikimuuliza atajua kwamba najua," Kufuli alisema.

"Si ndiyo maana ya kuuliza, mdogo wangu?"

"Atajiandaa."

"Ajiandae. Wewe mkeo unamfanyia majaribio kama tovuti, unangoja aharibike ndipo uandike." Akarudi kwenye michoro yake, na Kufuli akanuna hadi chakula cha mchana.

Siku iliyofuata akasingizia kichwa, akatoka ofisini mapema ili amfumanie. Kumfumania akifanya nini, hata yeye hakujua. Akakuta nyumba kimya, mkewe katoka. Akapita moja kwa moja bila kutazama kando, akakaa kwenye kiti cha ushonaji, akiitazama ile kompyuta kongwe kama askari anayemtazama mtuhumiwa asiyetaka kusema.

Kioo kikawaka chenyewe.

Dirisha likafunguka, herufi zikaanza kujiandika moja moja, bila mkono wa mtu: chumba kimoja cha kupanga. Likajifunga, likafunguka: sanduku la magurudumu. Kisha dawa ya mende. Kisha gari la kuhamisha vyombo. Jambo la kwanza alilowaza Kufuli, na hapa ndipo utamjua, ni kwamba mkewe amemwajiri mtu wa kompyuta. La pili alilowaza likamfanya ajishike kichwa, sasa kikiuma kweli.

Programu ile ilikuwa yake. Wakati wa mvua aliiandika kwa mikono yake, iwe inasubiri kompyuta ikiachwa bila kuguswa, inaokota maneno kwenye ukurasa wa matangazo madogo ya mji na kuyatafuta ovyo, ili hao wanaomfuata mtandaoni wapotee njia. Na kwa kuwa yeye ni yeye, akaifundisha kufuta nyayo. Akaijaribu kwenye kompyuta kongwe, akasema kesho ataitoa, na kesho hiyo haijafika. Na ukurasa ule wa matangazo una nini zaidi ya watu wanaohama? Kikulacho ki nguoni mwako, naye nguo alikuwa ameishona mwenyewe.

Akacheka peke yake mpaka machozi. Mke haendi popote! Akainuka achemshe chai, na hapo akaiona cherehani. Ilikuwa imeviringishwa shuka na kufungwa kamba, imesogezwa karibu na mlango. Nyuma yake kulikuwa na sanduku. Programu haiwezi kufunga kamba. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Mkewe aliingia na mfuko wa vitunguu, akamwona amesimama katikati ya sebule.

"Umerudi mapema, Baba Mapacha."

"Ni programu," Kufuli alisema. "Vile vyumba. Si wewe, ni programu yangu."

Mkewe akaweka vitunguu mezani taratibu. "Kumbe na wewe umeyaona hayo matangazo. Mimi nayaona tangu mvua. Kila nikitafuta mshono, naletewa chumba cha mtu mmoja. Nikasema haya, mwenzangu anatafuta pa kuhamia. Mtu nikimletea chai anafunga kila kitu, nilihitaji kuambiwa nini tena? Sikutaka kungoja kufukuzwa. Nikamwambia mama nakuja, na cherehani yangu."

Kufuli akaeleza. Alieleza kama anavyoeleza ofisini, tangu mvua mpaka dawa ya mende, jasho linamtoka. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Yaani kompyuta ndiyo iliyotaka kuhama."

"Ndiyo."

"Mimi ningekueleza hivyo, ungeniamini?"

Kufuli akalifikiria swali kwa haki, kama anavyofikiria makosa ya watu. "Hapana," alisema.

"Basi fungua. Vyote unavyonificha."

Akaichukua kompyuta yake ndogo, akaketi. Hajawahi kumwonyesha mtu. Akafungua cha kwanza.

"Huyu nani?" mkewe aliuliza, kwa sababu kulikuwa na picha na tarehe ya kufa.

"Kivinjari. Cha zamani."

"Pole."

Akafungua cha herufi. Akafungua cha nyimbo, sauti ya mwanamke wa mbali ikambembeleza mtoto asiyeonekana, na mkewe akasikiliza ameinamisha kichwa, bado akidhani yuko mwanamke mwingine aliyefichwa, akimngoja atokee. Mwisho akafungua cha mikeka. Kurasa kwa kurasa, mikono ya watu ikisuka, mafunzo, maswali aliyowaandikia wageni wa nchi za mbali na majibu waliyompa.

Mkewe akainama karibu na kioo.

"Mama yangu anasuka mikeka," alisema.

"Najua."

"Huo unaoukanyaga ni wake. Mimi nilisuka kabla sijajua kushika sindano. Nipo hapa, kwenye kiti hiki, kila jioni. Na wewe unawauliza watu wasiokujua, halafu mimi nikija unafunga." Akajifuta macho kwa kiganja. "Bora ningekuta mwanamke. Mwanamke ningejua la kufanya."

Kufuli akataka kusema habari za hao wanaofuata watu mtandaoni, akaona aibu.

"Funga hiyo," mkewe alisema. "Sasa niulize. Mimi, si hiyo."

Kufuli alikuwa amezoea kuuliza pasipo na mtu wa kumtazama usoni.

"Unaondoka?"

"Jumamosi. Gari limeshaagizwa."

Kufuli akatazama mkeka chini ya miguu yao, ule aliokuwa akiukanyaga miaka yote huku akisoma mikeka ya watu wengine. "Ukili unaanzwaje?" aliuliza.

Mkewe akamkazia macho, akimpekua kama anayekagua noti, aone kama anauliza kweli au anafunika jambo jingine. Kisha akainama chini ya meza ya kushonea, akaokota vipande vya kitambaa vilivyobaki, akavichana viwe utepe, akampachika ncha zake katikati ya vidole. Vidole vile vya kompyuta vikajichanganya papo hapo.

"Huu upite chini. Si huo, huu."

Akajaribu. Mkewe akafumua, akamrudisha mwanzo. Cherehani ilikuwa palepale mlangoni, ndani ya kamba zake.

"Na Jumamosi?" Kufuli aliuliza, bila kuinua macho.

"Suka kwanza," mkewe alisema.