Shingo ya Andati

Nilimkuta Andati mara ya kwanza kando ya shamba la miwa huko Butali, mimi mnunuzi wa miwa, nikajaribu kumpunguzia malipo. Alikuwa mpakiaji: anatwikwa furushi la miwa kichwani, anapanda nalo ubao hadi juu ya trela la trekta. Hakubishana. Alijitwika furushi, akafumba macho, akasema, "Kilo hamsini na nane." Nikalining'iniza kwenye mzani wangu. Hamsini na nane na nusu. Nikakubali bei yake.

Alinifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Mwaka jana akaanza kushikashika kisogo upande wa kulia. Akiitwa, anageuka na mabega yote.

"Ni miwa hiyo, mzee," nikamwambia. "Mpakiaji gani haumwi shingo?"

Wenzake wakamcheka: "Andati sasa abebe sukumawiki!" Zahanati ikampa dawa ya kuchua, mara mbili.

"Bosi," akasema, "mzigo naujua. Ukiutua, umeisha. Huu nalala nao."

Msimu ulikuwa umepamba moto na nilimhitaji, basi nikampeleka mwenyewe hospitali mjini Kakamega, pamoja na mkewe Gentrix. Daktari, msichana mdogo tu, alikuwa ameanza kuandika vidonge vya maumivu Gentrix alipomkatiza.

"Daktari, huyu pia anachomwa sindano ya kansa ya tezi dume, kila miezi mitatu."

"Mama Alice!" Andati akamkemea mkewe. "Hayo ni ya huko chini. Sisi tumekuja na ya juu."

Mimi sikuwa najua. Daktari akaweka kalamu chini. "Baba, hebu toa ulimi."

Ulimi ukatoka, ukapinda kulia kama unaogopa kitu. Picha ikaonyesha kansa imepanda hadi mfupa wa chini ya fuvu, inabana mshipa wa fahamu unaoendesha ulimi. Angechelewa, daktari alisema, angeshindwa kumeza. Sisi wenye macho tulisema ni miwa. Yeye, bila mashine, alijua si miwa.

Alipigwa mionzi siku tano mfululizo. Baada ya wiki tatu shingo ikaweza kugeuka tena. Kansa bado ipo, ulimi haukunyooka, na kubeba amekatazwa kabisa. Mimi nimeajiri wawili mahali pake, na trekta bado hufika kiwandani likiwa limechelewa. Yeye hulala upande autakao.