Bi Swali na Mumewe Ukumbini

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, kabla maradhi hayajamlaza mkewe na kifo kumchukua, mzee fundi viatu alikuta shati lake limepigwa pasi, limening'inizwa mlangoni.

"Leo twende wote chuoni, mume wangu."

"Mimi na chuo wapi na wapi? Watanicheka."

"Wakikucheka utakuwa umewafurahisha. Haya, vaa."

Mkewe alikuwa mshonaji. Hakukosa mihadhara ya wazi pale chuo kikuu, ile ya mambo ya raia na jamii, na kwa kupenda kwake kuuliza, wanafunzi walimbandika jina la Bi Swali. Mumewe hakuwahi kukanyaga darasa. Siku zote alimsindikiza hadi getini, akageuza.

Siku hiyo aliingia. Mhadhiri alizungumzia haki ya raia kusikilizwa, kisha akauliza, "Nani humu hajawahi kuulizwa maoni yake na viongozi wake?" Wasomi walijua swali la namna ile halingoji jibu. Mzee yeye kaulizwa, akanyoosha mkono. Peke yake.

Akaletewa kipaza sauti. Akakigeuzageuza mkononi kama kiatu cha kushonwa, na vicheko vikaanza huko nyuma. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bi Swali akainuka, akamshika bega, akawageukia waliokuwa wakicheka.

"Wanangu, mpeni nafasi ameze mate. Mume wangu si mwepesi wa maneno, lakini mimi nikitaka ukweli, huwa namuuliza yeye."