Jino Kabla ya Moyo

Kazi yangu ya uuguzi katika hospitali moja ya Likasi ilikuwa kuwaunganisha madaktari wanaowatibu wagonjwa wa moyo, na nilijiona hodari sana. Mwaka ule nilikuwa na mama mmoja wa Shituru, muuza vitenge, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Daktari wake wa moyo alikuwa Lubumbashi, na mpasuaji pia. Mpasuaji alikataa kumgusa kabla jino lake bovu halijang'olewa, uchafu wa jino usije ukauingia moyo. Daktari wa meno, aliyekuwa hapa kwetu, naye alikataa kung'oa bila barua ya daktari wa moyo, kwa sababu mama alikuwa anameza dawa za kuzuia damu kuganda.

Mara tatu alipanda taxi-bus kuja kuulizia barua, na mara tatu nilimweleza, kwa sauti ya mkubwa, kwamba madaktari wa Lubumbashi wana mambo mengi.

Mara ya nne aliketi mbele ya meza yangu, akavua viatu kabisa.

"Minye niko na moyo moja tu," aliniambia kwa upole, "lakini iko na benyewe batatu, na habaongee pamoja. Ubaite bote sasa, nisikie."

Nikawapigia wote kwa pamoja, simu ikiwa mezani, sauti yake wazi. Daktari wa moyo alisema barua aliipiga picha na kuituma wiki mbili zilizopita. Mpasuaji akauliza alimtumia nani. Yule wa moyo akajibu kwamba alimtumia muuguzi wa Likasi.

Nilifungua WhatsApp. Barua ilikuwepo, imefunikwa na picha za harusi ya mdogo wangu. Mama aliinama, tukazipitia pamoja, moja moja, bila haraka.

"Robe ya bibi-arusi iko muzuri," alisema, akiligusa gauni kwenye picha. "Hata minye ningesahau moyo ya muntu."

Jino liling'olewa wiki ileile. Nilimsindikiza Lubumbashi mwenyewe. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji utani ulimwishia. Alinishika mkono, akaniomba nisiende mbali. Nilikaa kwenye benchi bila kula chochote. Mpasuaji alipotoka kusema tundu limezibwa, nililia mbele ya watu nisiowajua.

Alipopata nguvu za kuongea, aliniuliza kama nimeshampasha habari daktari wa meno.

Nilikuwa sijampasha.