Vichupa Vinne Kwenda Isongole

Nilifunga safari ya Isongole kwa sababu nilimkosea mtoto wa watu, na mtoto huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Anaitwa Tupokigwe. Kwenye jaribio la mwisho la kidato cha pili niliuliza rangi ya kitu hutokana na nini. Yeye akaandika kwamba kwa baadhi ya vitu, ukubwa peke yake unatosha kubadili rangi. Mimi na mdomo wangu nikalisoma jibu hilo mbele ya darasa, nikauliza, kwa hiyo ndizi ikikua sana itakuwa ya bluu? Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo bweni zima likamwita Ndizi Bluu, na kwenye fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu akaikata fizikia.

Wiki ya kwanza ya Desemba nikaitwa Mbeya kwenye semina ya walimu wa sayansi. Mhadhiri mmoja, dada mpole mwenye sauti ndogo, alipanga mezani vichupa vinne vilivyozibwa, maji yake yamefifia tu, hayana maajabu. Akafunga mapazia, akavimulika kwa tochi yenye mwanga wa zambarau. Aisee! Kimoja kikawaka bluu, cha pili kijani, cha tatu njano, cha nne chekundu, rangi kali mpaka nikasahau kufunga mdomo. Akatuambia vyote vina kitu kilekile, punje za semikondakta, jamii ya vitu vinavyotengenezea sola na vifaa vya ndani ya simu. Zinaitwa nukta kwanta, na ni ndogo kiasi kwamba makumi ya maelfu zikipangwa mstari ndipo zinafikia unene wa unywele mmoja. Kilichotofautisha vichupa vile ni ukubwa wa punje tu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikaa nimeinamisha kichwa, nimeona aibu hadi masikio yanawaka. Baadaye nilimng'ang'ania yule dada mpaka akaniazima vichupa.

Jumamosi asubuhi nikaondoka Mpuguso kwa bodaboda, vichupa nimevifunga ndani ya soksi ya sufu. Mashamba ya chai yalikuwa yamelowa. Makandana nikashuka kwenye kibanda cha fundi televisheni, mjomba wake Tupokigwe, kuuliza njia ya nyumbani kwao. Kumbe ndiye aliyemwambia habari ile ya ukubwa kubadili rangi, maana televisheni mpya nyingine zinatumia nukta hizo kuonyesha rangi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma zaidi. Akanielekeza, kisha akaniazima tochi yake ya kukagulia noti bandia, ambayo ina mwanga uleule wa zambarau.

Saa tano nilikuwa Isongole. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika, ukungu umekaa juu ya viazi, na mimi mtu wa Tanga nilitetemeka ndani ya makoti mawili. Kijana wa bodaboda alinicheka akasema hapo bado hakujawa na baridi. Tukapita kwenye tope jeusi mpaka nyumba ya bati jipya karibu na shule ya msingi.

Tupokigwe na mama yake walikuwa stoo wanachambua viazi. Akasimama, akafuta mikono, akaniamkia shikamoo bila kuniangalia usoni. Mama yake akaniletea kigoda na kikombe cha chai ya maziwa, akasema ndaga fijo, asante sana, kwa kuja, kisha akasubiri kusikia mwanawe kafanya kosa gani. Huwa mwalimu hapandi hadi kule kwa heri.

Nikaomba tufunge mlango wa stoo. Ndani kukawa giza, nikavipanga vichupa juu ya gunia na kuwasha tochi. Mama akashika kifua. Tupokigwe akapiga magoti mbele ya gunia, uso wake ukapata rangi zote nne. Nilikuwa nimeshaviona Mbeya, lakini mle stoo, kwenye harufu ya udongo, moyo ulinienda mbio upya. Kwamba kuna kitu kidogo namna ile, na ndani yake kuna utaratibu usiokosea!

Mama ndiye aliyeuliza ni dawa gani hizo. Nikafungua kinywa kujibu, nikakifunga. Nikamwachia Tupokigwe mwenyewe.

Tupokigwe akaonyesha mafungu ya viazi aliyoyachambua, makubwa, ya kati na madogo. Akasema, "Mama, ni kama haya mafungu. Kiazi ni kilekile, tumechambua kwa ukubwa tu. Ndani ya kila punje kuna chembe ya umeme imebanwa. Tochi ikiichokoza inaruka, ikirudi inatoa mwanga. Punje ikiwa ndogo imebanwa sana, inaruka kwa nguvu, ndiyo hii ya bluu. Ikiwa kubwa ina nafasi, nguvu inapungua, ndiyo hii nyekundu."

Mama akavitazama vichupa, akatazama mafungu. Akasema basi hicho kidogo ndicho chenye moto, na kwamba hata wao mbegu wanachagua kwenye vile vidogo. Miaka kumi na tisa nimeshika chaki, sijawahi kufundisha jambo likaeleweka haraka hivyo.

Nikazima tochi, nikafungua mlango, nikasema nililoendea. "Tupokigwe, ulikuwa sahihi. Nilikukosea, naomba unisamehe. Na fizikia usiiache."

Akaokota kiazi, akakitupa kwenye fungu lake.

"Nashukuru, mwalimu. Lakini hapa hakuna aliyenicheka."

Mama yake akamkaripia kwa Kinyakyusa, maneno mengi ya haraka. Binti akaendelea kuchambua viazi. Nikamwambia mama amwache, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi mahali ambapo haikunigharimu chochote isipokuwa nauli na baridi.

Alasiri nikateremka, nimepewa kiroba cha viazi nilichokikataa nikashindwa. Njia nzima hadi Tukuyu nilikuwa natafuta visingizio vya kutoomba radhi mbele ya darasa. Nidhamu itashuka, nikajiambia. Watoto watanizoea. Nilipofika Mpuguso nilikuwa nimechoka kujidanganya.

Januari, siku ya kwanza ya masomo, kidato cha tatu wote wakiwa pamoja kabla ya kugawanywa, tukaziba madirisha kwa magunia. Nikaviwasha vichupa, wakapiga kelele za mshangao mpaka darasa la jirani wakachungulia. Kisha nikawaambia nani aliyeijua habari hii kabla yangu, nani aliyekosea, na nani aliyewafundisha kucheka.

Mkono mmoja ukanyooka nyuma, karibu na mlango. Tupokigwe akauliza, punje za bluu na nyekundu zikimiminwa kwenye kichupa kimoja, kila moja itabaki na mwanga wake, au zitagawiana?

"Sijui," nikasema.

Hilo ndilo nililojifunza katika safari hii, kulitamka neno hilo nikiwa nimesimama mbele ya watoto. Tupokigwe alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu lile jaribio, akakaa, akaliandika swali lake. Kengele ya mapumziko ilipolia, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa taaluma kuomba fomu nyingine ya kuchagua masomo.