Ukanda wa Nkambo

Nilirudi Kolwezi kumzika baba, na matanga yalipokwisha tukaanza kugawana vitu vya nyumbani. Vitanda vilienda, sufuria zikaenda. Mimi nikachukua kile ambacho hakuna aliyekitaka: mashine yake ya kurekodi, ile ya magurudumu mawili, spika zake mbili na ukanda mmoja uliofungwa kwa kitambaa. Fundi wa redio aliifufua juzi. Kaa hapa nikusimulie, maana tangu juzi usingizi wangu si mzuri.

Enzi zile za Zaire baba alikuwa karani mgodini, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: sauti safi. Wenzake walikunywa pombe, yeye alipima sebule kwa kamba ili kiti kikae katikati ya spika sawasawa. Alitundika vitenge vya mama ukutani kuua mwangwi, mama akanuna wiki nzima. "Mashine muzuri hautaisikia yenyewe," alituambia. "Utasikia mutu tu." Na kweli, ukifumba macho ulisikia hata kiti cha mpiga gitaa kikilia.

Alasiri moja, baruti za mgodini zilipokwisha kulipuka na madirisha kutulia, alimrekodi mama yake mzazi, nkambo wetu, akimenya karanga na kusimulia ujana wake. Mimi nilipewa jina lake, ndiyo maana aliniita "majina". Katikati ya simulizi akaniita nije tumenye pamoja. Nilikuwa nyuma ya jiko, kwenye moshi wa sombe, yale majani ya muhogo, na nilimsikia vizuri sana. Nikajibanza. Akaita mara nne, kila mara akingoja kidogo. Sikuitika. Uvivu tu, rafiki yangu.

Mwezi haukuisha, nkambo akafa.

Siku ya kumaliza matanga yake, baba aliwawekea wageni ukanda ule. Mimi hakunionya. Nilikuwa uani naosha sahani, nikasikia: "Majina! Uko wapi? Kuya!" Haikuwa sauti ya redio. Ilitoka pale pale alipozoea kukaa, pamoja na mlio wa karanga zikidondoka bakulini. Nilishamkosea mara moja, sikutaka kumkosea tena. Nikaacha sahani, nikakimbia ndani. "Niko hapa, nkambo! Nakuya!"

Nikakuta kiti kitupu, na wageni wote wamesimama. Kwetu kila mtoto anajua: mfu akikuita, funga mdomo. Anayeitika amekubali kwenda. Mama jirani, aliyetoka upande wa Sandoa, akanishika mabega. "Mutoto ameitika mufu," akasema. "Na ni majina yake. Atamufwata."

Kesho yake nikashikwa na homa kali. Mama akamlilia baba: "Tata, futa ile bande! Unataka tuzike na mutoto?"

"Ile ni sauti ya mama yangu."

"Na huyu ni damu yako."

Baba akakubali. Jirani alisema sharti nikanushe kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye ukanda uleule, juu ya sauti ya nkambo. Basi baba akaniketisha mbele ya maikrofoni nikiwa na blanketi, akavaa visikilizio masikioni, akaniambia kila nikiona kidole chake kimeinuka niseme: "Mi siko hapa." Kidole kiliinuka mara tatu. Kisha baba akafunika uso kwa mikono. Mama na jirani walipousikiliza ukanda, walinisikia mimi tu. Homa ikashuka, nikaomba bukari, ugali wetu.

Miaka yote hii nimeishi nikiamini kwamba nilimfuta nkambo. Sura yake naikumbuka, lakini sauti yake ilinitoka kabisa, na hilo limeniuma kuliko kifo chake.

Juzi nikauweka ukanda. Kwenye spika ya kushoto nikajisikia mwenyewe, mtoto anayetetemeka: "Mi siko hapa." Spika ya kulia ilikuwa kimya. Nikaona kitufe chake cha sauti kimezungushwa hadi chini kabisa, nikakifungua.

Ukanda ule una njia mbili za sauti, kila spika na yake. Baba alifuta moja. Walipokuja kuhakikisha, ile nyingine aliizima. Na visikilizio vile! Alikuwa akimsikiliza mama yake, na kila nkambo alipokwisha kuniita ndipo kidole kilipoinuka. Kulia nkambo anaita, kushoto mtoto anasema hayupo. Anaita tena, mtoto hayupo. Baba alishindwa kumzika mama yake mara ya pili, na hakuthubutu kuniacha bila kinga. Nililia kwa hasira, halafu nikalia kwa kumpenda.

Mama hayupo tena, jirani hayupo, baba ndiye huyo tumemzika. Nyumba ya jirani imechimbwa hadi chini ya sakafu kutafuta madini. Hakuna aliyebaki wa kunishika mabega.

Nkambo akaita mara ya nne, na kushoto hapakuwa na mtoto. Akangoja. Hata karanga zilinyamaza. Ulikuwa mchana kweupe, nami nina umri kama wake.

"Niko hapa, nkambo," nikasema. "Nakuya."

Hakuita tena.