Sare Nyeupe Zilizokataa Rangi

Siku hizi nikiwasikia watu wakilalamika kwamba fasheni inabadilika haraka na kujaza dunia matambara, nacheka. Nyie hamkuiona kwaya yetu pale Mpanda miaka ya tisini! Kila Pasaka sare mpya. Kitambaa kilikuja kwa treni, chepesi kama ganda la kitunguu, ukikifua mara mbili kinaanza kuachia. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mwenye maneno, alikuwa na sheria yake: asiye na sare mpya hasimami na wenzake, na nguo iliyotoboka ni ya kudekia.

Mwaka ule mama yangu hakuwa na uwezo wa kununua, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Tangu baba afariki sikuwahi kumwona akifurahi mahali pengine ila kwenye kwaya. Yule mwenyekiti nilimchukia, nasema wazi.

Bahati yetu, mvua zikabomoa reli na treni haikuja. Mama akasimama kwenye mazoezi.

"Jamani, hizi nyeupe za mwaka jana zina ubaya gani? Tuzitie rangi ya bluu, nani atajua?"

Mwenyekiti akabetua midomo, lakini afanyeje? Wakakusanya sare zote, wakazichemsha kwenye pipa nyuma ya kanisa na rangi ya unga kutoka sokoni.

Kumbe kitambaa kilikuwa poliesta tupu, na rangi ile ilikuwa ya pamba! Sare zikatoka nyeupe vilevile. Kilichoshika bluu ni uzi wa pamba peke yake, ule waliokuwa wakishonea nyumbani kila palipochanika. Lo! Siri za watu zote nje. Na sare iliyojaa bluu kuliko zote, kwapani, mabegani, mpaka kwenye pindo, ilikuwa ya nani? Ya mwenyekiti! Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Roho yangu ilisuuzika. Mama hakucheka. Alimwambia tu, "Dada, mkono wako mzuri, umeshona vizuri."

Pasaka ikafika, wakaimba na mistari yao ya bluu, mama mbele. Wageni kutoka Karema walikuwepo, wakatutazama sana. Nikajua wanatusengenya.

Krismasi ikaja kwaya yao. Jamani! Sare nyeupe mpya kabisa, zimepigwa mishono ya bluu kwapani na mabegani, kwa makusudi, na fundi wamemlipa. Walidhani ndiyo fasheni ya mjini! Mimi nilidhani mwenyekiti wetu atafurahi. Wapi! "Wametuiga hawa," akasema. "Tukivaa zile tena tutaonekana tumepitwa na wakati." Akaagiza kitambaa kingine. Safari hii reli ilikuwa nzima kabisa, ahsante sana.

Basi Pasaka iliyofuata mama akakaa nasi kwenye benchi na sare yake ya zamani. Kule mbele kwaya ilikuwa inang'aa. Kinanda kikapigwa, wakatazamana. Kikarudiwa. Kimya. Nilimwona mwenyekiti akigeuka kututazama, macho yanamwomba mama, na mimi moyoni nasema, usithubutu, waache waaibike.

Mama akanipa mkoba wake nimshikie, akaanza wimbo akiwa palepale alipokaa. Kwaya nzima ikamfuata.